Saa za Kwenye Kadi

Mume wangu alisomewa Yasini akiwa mzima, saa nne asubuhi, nyumbani kwetu Kibaha, na mimi nilikuwa gengeni nanunua mchicha.

Anafanya kazi zamu ya usiku kiwandani Zegereni, kwa hiyo kulala kwake ni mchana. Alikuwa anaendesha foloklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo. Siku moja alisinzia mzigo ukiwa juu, akaingia ukutani. Mwenzake aliruka pembeni, ndiyo salama yake. Hospitali wakasema ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini: koo linaziba, anashtuka, analala tena, hivyo hivyo mpaka anaamka, na mwenyewe hana habari. Mimi nilikuwa na habari. Miaka minne nimelala pembeni ya mtu anayekoroma kama mashine ya kusaga, mara kimya, mpaka nimpige kiwiko ndiyo aanze tena. Nilipomwambia alisema wanawake wa siku hizi hatuna uvumilivu.

Wakampa mashine. Kiboksi kinachopuliza hewa kwenye mpira, na maski ya kufunga puani. Ndani kuna kadi inayoandika saa alizovaa. Daktari alisema waziwazi: mje na kadi baada ya wiki sita, kama amevaa vya kutosha, nitaandika barua arudishwe kwenye foloklifti. Kwa muda huo kiwandani walimpa ufagio wa ghala. Wenzake waliposikia habari za maski wakawa wanamwita Rubani.

Wiki ya kwanza alivaa. Aliamka anaongea, jamani. Alimbeba mtoto mpaka barabarani kuangalia malori, akarudi bado anaongea.

Halafu mama yake akaja kutoka Kisarawe, bila kupiga simu, na fenesi kwenye kiroba. Alikuta mlango wazi na mwanaye chali, mpira puani, kitu kinahema pembeni. Baba mkwe aliwekewa mpira puani hospitalini, na hakurudi nyumbani. Basi mama hakumwamsha. Hakupiga hata kelele. Alitoka kimya kimya akaita majirani, na majirani wakamleta mzee wa msikitini.

Nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani wanawake wanne wamejitanda kanga, mzee anasoma, mama mkwe ameshika miguu ya mwanaye. Na yeye kalala fofofo, hana hili wala lile.

"Shikamoo mama. Huyu amelala."

"Marahaba. Nyamaza mwanangu, tunamsindikiza."

"Mama, amelala. Katoka kazini."

Akafumbua macho. Akainuka na maski yake usoni, mpira unaning'inia. Jirani wa chumba cha kushoto alitoka mbio, akaacha ndala moja.

Mtaa ulicheka wiki nzima. "Shemeji, marehemu kaamkaje?" waliniuliza gengeni. Niliwajibu kaamka salama, nipimieni nyanya. Yeye hakucheka. Aliukunja ule mpira, akaiweka mashine juu ya kabati, akaifunika na kanga yangu.

"Silali kama maiti ndani ya nyumba yangu," alisema.

Nilisema niliyosema. Nilisema mpaka mwenye nyumba akaja kugonga. Nilimwita mjinga, na sifuti. Mama yake akanipigia: "Mwanangu kakoroma tangu mdogo, baba yake kakoroma. Wewe ndiye uliyemletea mambo ya mipira." Baada ya hapo nikanyamaza. Hasira haikuisha, ila ilikufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Nikawa napika, nafua, napiga kiwiko.

Zilipobaki wiki mbili kufika siku ya kliniki akaniambia, "Vaa wewe."

"Nivae nini?"

"Hiyo. Mimi nitalala mkekani sebuleni. Kadi haijui pua ya nani."

Nikavaa. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mtu mmoja ndani ya nyumba ile apate anachotaka. Hewa ile inakuingia kwa nguvu, kama unavyomlisha uji mtoto aliyegoma. Mwanangu aliponiona mara ya kwanza alilia mpaka akatapika. Nilimwacha kwa jirani, nikarudi kulala na maski, mchana kweupe, ndoo ya nguo ikinisubiri. Sebuleni nilimsikia baba yake: anakoroma, kimya. Anakoroma, kimya. Kiwiko changu kilikuwa mbali.

Kliniki daktari aliiangalia kadi kwenye kompyuta, akatabasamu.

"Hongera baba. Wiki hizi mbili umebadilika kabisa. Pumzi hazikatiki."

"Nashukuru daktari. Ni kujitahidi tu."

Kujitahidi. Daktari alikwishavuta karatasi, kalamu iko mkononi. Nikamfikiria yule mwenzake aliyeruka, kwamba siku nyingine huenda asiwahi.

"Hizo pumzi ni zangu," nikasema.

"Unasemaje mama?"

"Nilivaa mimi. Yeye hajavaa tangu asomewe Yasini."

Daktari akafunika kalamu. Akamgeukia, akamuuliza kwa nini.

"Niliamka nikakuta wananililia," alisema. "Mama yangu ameshika miguu yangu."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Daktari hakucheka. Alisema rudini baada ya mwezi, na barua hakuandika.

Sasa haongei na mimi. Mama mkwe anasema nimemvua nguo mwanaye mbele ya watu. Ufagio bado ni wake. Mashine niliirudisha juu ya kabati, lakini aliishusha mwenyewe. Akitoka kazini anakunywa chai, anaingia chumbani, anafunga mlango kwa ufunguo, ndipo nasikia hewa inaanza kupuliza. Juzi ilipuliza mpaka adhuhuri. Jana sikuisikia kabisa. Leo imezimika kabla maharage hayajaiva, na sijagonga.