Chumba Chenye Maji ya Nguvu

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa fundi bomba wa hoteli moja kubwa ya ufukweni, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kulala humo hata siku moja. Naomba hilo mlishike vizuri, maana aibu yangu yote imejengwa juu yake. Niliingia kwa mlango wa nyuma saa moja asubuhi na spana zangu, nikatoka kwa mlango huohuo jioni nikinuka kutu. Vyumba sitini na vinne, na hakuna hata kimoja ambacho sikuwahi kupiga magoti bafuni mwake. Wageni waliijua bahari inavyoonekana dirishani. Mimi nilikijua kilichomo ukutani. Ungenitajia namba ya chumba, ningekuambia koki yake inafungwa kwa mkono mmoja au kwa dua.

Sasa mtu mwenye elimu ya namna hiyo, kichwa kitakosaje kuvimba?

Siku niliyostaafu, meneja alinipa barua mbele ya wafanyakazi wote. Ilisema nina haki ya kulala siku mbili mimi na mke wangu, katika chumba chochote nitakachokichagua mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Barua nikaiweka kabatini, nikasema siku yake itafika.

Siku yake ilifika kwa sababu mke wangu alikuwa hajalala. Sisemi hajalala jana wala juzi. Mama yake alianguka akavunjika nyonga, tukamleta kwetu, tukampa chumba kilicho ukuta mmoja na chetu. Mama mkwe hakutaka kengele, hakutaka simu. Alikuwa na fimbo yake, na akitaka maji, au kugeuzwa, au kujua tu kama bado tupo duniani, aligonga ukuta. Ko, ko, ko. Mke wangu anaruka kitandani: "Abee mama!" Hivyo mara nne, mara tano, kila usiku, kwa miezi kumi na minne.

Mtauliza, na mimi je? Mimi nililala. Mke wangu anasema siku moja mama aligonga mpaka picha ya harusi yetu ikaanguka, nami nikageukia upande wa pili nikasema "asante".

Ikafika mahali akawa anasinzia amesimama. Asubuhi moja alinitilia sabuni ya unga kwenye chai badala ya sukari, na mimi, kwa heshima ya ndoa, nikanywa nusu kikombe kabla ya kuuliza. Siku nyingine mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni, akakaa chini akalia kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza anataka nini, nimnunulie nini.

"Sitaki kununuliwa kitu," akasema. "Nataka kulala, baba watoto. Siku mbili tu. Nilale mpaka nichoke kulala."

Mdogo wake alikubali kuja kukaa na mama kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumapili. Jumatatu ana kazi yake, na baada ya hapo haijulikani atapata nafasi tena lini. Kwa hiyo zilikuwa siku mbili na si zaidi. Nikatoa barua kabatini, nikaipangusa vumbi, nikatamka maneno mawili ambayo yameniponza tangu ujana:

"Niachie mimi."

Tulifika hotelini Ijumaa saa sita mchana. Nilikuwa nimevaa shati la kutokea, na kwa mara ya kwanza nikapita mlango wa mbele. Nusura nifute miguu mara mbili. Palikuwa pamejaa watu. Watoto wanakimbia na maboya kiunoni, wanaume wenye vitambi wanapita na taulo shingoni, na kule kwenye bwawa la kuogelea mshereheshaji kashika kipaza sauti anawashindanisha akina baba kuvuta kamba ndani ya maji. Muziki juu. Mke wangu akanitazama.

"Huku ndiko nije kulala?"

"Kelele za watu hazijawahi kukuamsha," nikamjibu. "Umelea watoto watano."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo jambo pekee nililolisema sawasawa siku ile.

Pale mapokezi tulimkuta binti aliyeajiriwa baada ya mimi kuondoka. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Karibuni sana. Tumewatengea namba hamsini na nane, mwisho kabisa upande wa bustani. Kimetulia."

Nikacheka kicheko cha mwenye mali. Hamsini na nane! Chumba kilicho mwisho wa bomba, maji yakifika huko yamechoka, yanadondoka kama machozi ya mnafiki.

"Mwanangu, hicho kawape wanaokuja mara ya kwanza," nikasema. "Mimi nipe kumi na mbili."

"Kumi na mbili, baba?" Akamtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi. "Hicho wageni huwa wanalalamika kidogo. Wanasema ukutani..."

"Wageni wanajua nini kuhusu ukuta? Chumba namba kumi na mbili kina maji ya nguvu kuliko vyote. Ukifungua bafu la juu, utadhani unaogeshwa na zimamoto."

"Msikilize mtoto wa watu," mke wangu akasema.

"Tulia, mama. Leo umekuja na mwenyeji."

Binti akanipa ufunguo. Nikaona anauma mdomo, nikadhani ni heshima.

Chumba kilikuwa kizuri, sitaki kukisingizia. Shuka nyeupe, mito minne, pazia zito. Nilimwonyesha mke wangu bafu kabla ya kumwonyesha kitanda. Nikafungua koki, maji yakatoka kwa kishindo, nikageuka kumtazama kama mtu aliyeileta mvua mwenyewe. Akasema, "Vizuri," kwa sauti ile anayowaambia watoto waliochora ng'ombe mwenye miguu sita. Akavua viatu, akajilaza. Nje mshereheshaji alikuwa anapiga kelele, "Vuta, vuta, vuta, mzee usiniangushe!" Mke wangu kabla hata hajafunika miguu, kalala.

Nilikaa kwenye kiti nikamwangalia. Mdomo wazi, mkono umening'inia. Nilijisikia mwanamume. Nikawaza, hata meneja angekuja hapa angeniuliza siri ya kuchagua chumba. Hivyo saa saba, saa nane, saa tisa, saa kumi. Muziki ukabadilishwa, watoto wakalia, mtu akaangusha sinia la glasi mlangoni kwetu, mwenzangu hakupepesa.

Ikafika saa kumi na moja, saa ambayo watu hutoka baharini na chumvi zao na kuingia kuoga kwa pamoja. Chini ya chumba namba kumi na mbili pana chumba cha pampu. Nalijua hilo vizuri, ndiyo sababu maji yake yana nguvu. Pampu ikaamka. Ghorofa ya juu mtu akafungua koki, mwingine akafunga yake kwa haraka, na bomba lililo ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mke wangu, likasema:

Ko, ko, ko.

"Abee mama!"

Alikuwa kashasimama katikati ya chumba, anatafuta kandambili zisizokuwepo. Macho mekundu, hajui yuko wapi. Nikamshika bega nikamrudisha kitandani. Akajilaza. Ko, ko, ko. "Abee!" Safari hii alifika mpaka mlangoni.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ninyi mnaonisoma huenda mlielewa zamani. Fundi bomba, kabla ya kugusa chumba chochote, hushuka kwanza kuzima pampu na kufunga maji. Miaka kumi na mmoja! Kila chumba nilichoingia kilikuwa kimenyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kukinyamazisha. Nikimaliza, nashuka, nawasha, naenda kwenye kazi nyingine. Wageni walipolalamika kwamba ukuta unagonga, mimi ndiye niliyetumwa kusikiliza. Nilizima pampu, nikaweka sikio ukutani, nikaandika: hakuna tatizo. Nakumbuka niliandika hivyo mara tatu.

Mke wangu alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtoka bila sauti. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kufundisha.

"Si mama, mke wangu. Ni maji tu. Mtu akifunga koki ghafla, yale maji yanayokuja kwa nguvu yanakosa pa kwenda, sasa yanarudi nyuma yanapiga..."

"Sitaki kujua jina lake," akasema. "Nataka linyamaze."

Nikatoka mbio. Kuzima pampu sikuweza, mlango wake una kufuli na ufunguo niliurudisha siku ya makofi. Nikapanda ghorofa ya juu nikaanza kugonga milango ya watu. Namwomba kila mgeni, kwa adabu, akimaliza kuoga afunge koki polepole. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, akanipa taulo chafu akidhani nimekuja kuchukua nguo za kufua. Wa pili alikuwa jamaa mnene aliyefungua mlango na povu kichwani, jicho moja kafumba.

"Nifunge koki polepole?" akauliza. "Kwani wewe nani, mzee?"

"Mimi... nipo namba kumi na mbili."

"Sasa oga huko kwako, mimi niache nioge kwangu!" Akaufunga mlango, akarudi kwenye koki yake, akaifunga kwa hasira. Huko chini nikasikia, kwa mbali: "Abee mama!"

Niliposhuka, kitanda kilikuwa kitupu. Nikamkuta mke wangu mapokezi, hana viatu, kakumbatia mto. Watu wanapita na vinywaji wanamzunguka. Binti wa mapokezi alikuwa ametoka nyuma ya meza yake, kamshika mkono.

"Hamsini na nane kimeshachukuliwa, mama, jamani. Walikipata dakika kumi tu baada yenu. Leo tumejaa."

"Hata stoo," mke wangu akasema.

"Kuna arobaini na moja, lakini kimefungwa. Hakina maji. Koki kuu imeharibika, bomba la upande ule wote limezibwa mpaka fundi aje."

Mke wangu aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Hakina maji kabisa?"

"Hata tone, mama."

"Ukutani hakupiti maji?"

"Hakupiti kitu."

"Nipe ufunguo."

Nikaingilia kati, nani angeniziba mdomo. "Mama, chumba bila maji utaogaje?"

"Ndoo unaijua?"

"Basi ngoja, mimi nitakitengeneza. Hiyo ni dakika kumi tu, naijua hiyo koki, ni kimpira tu kimelika..."

Alinigeukia polepole. Ndugu zangu, nimeoa miaka thelathini na miwili, uso ule nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza.

"Ukigusa bomba la chumba hicho, baba watoto, nitarudi kwa mama. Na mama yuko kwetu. Kwa hiyo wewe ndiye utakayetafuta pa kwenda."

Binti alijifanya anatafuta kitu sakafuni.

Arobaini na moja kilikuwa chumba kidogo, dirisha lake linatazama ukuta wa jiko. Pazia halikufika mwisho. Mke wangu alikaa kitandani, akaweka sikio ukutani, akasubiri. Akahamia ukuta wa pili, akasubiri. Kisha akajilaza jinsi alivyo, na mto wake wa namba kumi na mbili, na sikumwona akifumba macho kwa jinsi yalivyojifumba upesi.

Mimi nilibeba ndoo. Nilichota chini, nikapanda, nikashuka, nikapanda, nimevaa shati la kutokea, nikipishana ngazini na wageni wanaokwenda kula. Jamaa wa povu alinitambua, akamwambia mkewe, "Huyo ndiye mwenyewe." Nilipomaliza nilisimama bafuni nikaitazama ile koki. Kweli kilikuwa kimpira, hakizidi kifungo cha shati. Mikono iliniwasha, nasema kweli. Nikaitia mikono yangu mfukoni, nikatoka kwa ncha za vidole.

Alilala jioni ile yote. Alilala usiku kucha, nami nikalala kando yake, kwa mara ya kwanza nikihofia kukoroma. Kulipokucha hakuamka. Saa tatu hakuamka. Saa nne kasorobo nilikuwa nimekaa sakafuni nje ya mlango, nimeegemea ukuta, nikiwanyamazisha kwa kidole watoto wa maboya kila wakipita, nilipomwona jamaa anakuja na mkoba wa spana. Fundi mpya. Suruali yake imechanika magotini palepale zinapochanikaga zangu.

"Shikamoo mzee. Naomba nipite, nina kazi humo ndani."

"Marahaba. Sema polepole. Mke wangu kalala."

"Sitachelewa, dakika kumi tu. Mpaka mchana upande huu wote utakuwa na maji." Akainama kuninong'oneza, kama mtu anayemweleza mtoto. "Ile koki ya humo kulikuwa na mzee hapa zamani, sijui aliifunga vipi. Aliipachika mpira usio wake."

Maneno yalinijaa mdomoni. Mpira ule niliuchonga kwa mkono wangu mwaka ambao vipuri vilikosekana mji mzima, na ulidumu miaka sita!

"Wewe, mzee, mabomba unayajua?" akaniuliza, maana nadhani uso ulinibadilika.

Ndani kitanda kililia kidogo. Mke wangu aligeuka, akaguna, kisha nikasikia ile pumzi yake ndefu ikirudi mahali pake.

"Mimi?" nikanong'ona. "Sijui kitu, mwanangu. Njoo kesho mchana."