Kamongo Aliyelalia Maji

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, huko Ushetu, nilimcheka bibi yangu mbele ya watu. Kicheko chenyewe hakikuwa changu. Nilikiazima kwa mjomba Masanja, aliyekuwa na cheti cha ualimu na dharau ya kutosha kijiji kizima.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kinamasi chenye matete na korongo wenye taji, na pembeni yake kisima tulichokunywa. Kiangazi, maji yalipopungua, kamongo alijizika topeni akalala hadi mvua zirudi. Bibi alisema samaki huyo amelalia mlango wa maji, asichimbuliwe. Mwenye hamu naye angoje aamke, amvue kama samaki wengine.

Mwaka huo mjomba alitaka vitalu vya tumbaku. Akakata matete, akachimba mfereji wa kuondoa maji, na kila jembe lilipogonga kamongo alimtupa kwenye beseni nililolishika mimi. Bibi akaja na mkongojo wake kumwomba aache. Mjomba, mbele ya vibarua, akaanza kumfundisha mama yake mzazi kwamba yule ni samaki tu, mwenye mapafu, na kwamba ushirikina ndio uliotuchelewesha.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Masanja, ng'wanawane, mwanangu," akasema, "maji yakiondoka, utayaita kwa Kiingereza?"

Vibarua wakainamisha vichwa. Mjomba akacheka, nami nikacheka.

Maji yaliondoka. Msimu wa pili kisima kilikuwa shimo la kuangukia mbuzi, na bibi akawa anafuata maji bonde la mbali, ndoo kichwani, mpaka magoti yakakataa. Korongo nao hatukuwaona tena. Mjomba alilaumu mabadiliko ya tabianchi. Mfereji wake hakuutaja hata siku moja. Nyani haoni kundule.

Leo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kurudisha kinamasi. Ana fulana na kofia ya mradi, na amesimamisha kibao: usikate matete, usichimbe, usisumbue viumbe. Nilikisoma chote nikimtafuta marehemu bibi. Hayumo. Mikutanoni mjomba husema sayansi imetufumbua macho.

Kazi yenyewe, nakiri, inakwenda. Tumeziba mfereji kwa viroba vya udongo, matete yameota, na korongo wawili wamejenga kiota. Kiangazi hiki, siku moja kabla ya wageni wa mradi kufika, tulikuwa tunaongeza viroba jembe likagonga kamongo aliyelala. Mjomba akainama, akamtazama kwa uchu, akaagiza atolewe ili wageni wapate kitoweo cha asili.

"Shikamoo, mjomba," nikasema, ingawa tulikwisha salimiana asubuhi. "Maji yakiondoka, utayaita kwa Kiingereza?"

Mjomba alivua kofia ya mradi, akaitazama, akaivaa tena, akaenda kukagua viti vya wageni.

Najua kilichokausha kisima ni mfereji, si kamongo. Sihitaji fulana kunieleza. Lakini mtu anayeogopa kumchimbua kamongo asingechimba mfereji ule. Hilo bibi alilijua, nasi wasomi tulikuwa tunamhurumia. Nikapiga magoti nikamfukia kamongo kwa mikono yangu. Nilipomaliza nilibaki nimeinama palepale, kwa sababu wa kumwomba radhi hayupo, na kamongo alikuwa amekwisha lala.