Tuling'oa miraa ya babu ili tujengee watu wa miraa nyumba (Muthara)

Salamu kwenu wakuu. Kila nikiingia jukwaani napata mtu anauliza kama ajenge rental, vyumba vya kupangisha.

Mimi sina theory. Nina vyumba, viko Muthara, na funguo ziko kwa kabati yangu kwa sababu hakuna wa kumpa.

Wakati miraa ilikuwa inaenda ng'ambo, wavunaji, wafungaji wa mafurushi na madereva wote walitafuta chumba hapa. Mtu alilipa hata kabla dirisha halijawekwa. Mume wangu, Baba Kendi, akaona hayo akaingiwa na tamaa ya kujenga.

Shida, kipande chetu cha kando ya barabara kilikuwa na miraa mizee, ile ilipandwa na babu yake. (Kwa wageni: huku Tigania miti kama hiyo hurithiwa baba kwa mwana. Hauing'oi tu hivi hivi.)

Baba mkwe alikataa. "Jengeni kando. Hiyo miti ndio imewasomesha nyinyi wote."

Baba Kendi akamjibu, "Baba, rental haingoji mvua. Tenant analipa hata jua likiwaka."

Mimi nikasema tuanze na vyumba vichache tuone. Nikaitwa mwoga.

Mzee alisumbuliwa mpaka akachoka, akasema fanyeni mnavyotaka. Siku ya kung'oa alienda kwa dada yake kule Ruiri ili asione. Miti ilitolewa na mizizi.

Vyumba vilijaa, na nisidanganye, tulifurahi. Hata mimi nilianza kujicheka kwa ule uoga.

Halafu wenye soko huko ng'ambo wakalifunga. Wafungaji wakaondoka, madereva wakafuata, hata mama wa chapati akarudi kwao Kibirichia kulima viazi. Tulipunguza kodi, tukapunguza tena. Nani atapanga mahali hakuna kazi? Kuuza nako ilikuwa bure, maana barabara nzima ilikuwa inauza.

Majirani waliumia pia, lakini miti yao ilibaki imesimama. Bei ilipopata nafuu kidogo, walipanda juu wakachuma. Siku hizi Baba Kendi huwachumia kama kibarua. Hapendi nimwangalie akitoka asubuhi, na mimi huumia sana.

Kwa hivyo, ukipiga hesabu za rental usiangalie tu kodi ya leo. Uliza mfuko wa tenant unajazwa na nini, na hicho kitu kikianguka wewe utashika wapi. Sisi tulikuwa na kitu kimoja, miraa, tukakitoa ili tukitegemee kwa mlango wa nyuma, kupitia mifuko ya wapangaji.

Mzee amesahau mengi sasa. Tulimhamishia chumba cha kwanza kwa vile kiko wazi. Kila asubuhi anavaa koti lake la kuchumia, anatoka, anafika ukutani, anasimama.

Jana aliniita. "Mama Kendi, ni nani huyu amejenga kwa miti yangu?"

Nikamwambia sijui.

Wenye rental zinazotegemea biashara moja, semeni hapa chini mmejikinga vipi. Na kama kuna anayejua nimjibu mzee nini kesho, naye aseme.