Bibi Majina, Mama wa Maadui

Asubuhi ile aliunguza mkate.

Alikuwa dirishani, mgongo kwangu, anaita uani kwa sauti ya juu: "Dukwata! Wee Dukwata! Njoo ule!" Moshi unapanda nyuma yake. Mimi nimekaa mezani na kikombe changu, namwangalia. Nilijua mkate unaungua. Nilijua pia kwamba ukimkatiza mke wangu akiwa kazini, utakula maneno badala ya mkate.

Jirani wa ng'ambo ya ua akatoa kichwa. "Dada, huyo mtoto wako haji leo tena?"

"Haji! Na asije!" Mke wangu akapiga makofi. "Umesikia lilivyokwama kooni? Hilo jina halikai mezani na watu."

"Akili yako ndiyo haipo mezani. Geuka, jikoni kwako kunawaka."

Basi tukala mkate mweusi. Alikikwangua kipande changu kwa kisu, akakipaka siagi nyingi kuficha ushahidi. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Kesho yake alianguka pale pale jikoni, na juma halikwisha tukamzika. Lakini siku ile yenyewe acheni niisimulie. Siku ile ilikuwa moto.

Mtaani alijulikana kama fundi cherehani. Alishona sare za shule na makoti ya wauguzi katika karakana nyuma ya kituo cha mafuta, tangu binti yetu hajaota meno mpaka binti akawa na ofisi yake. Kila vazi alilomaliza lilishonewa lebo ya mwenye karakana. Hakulalamika. Ila siku moja tulipishana na mtoto aliyevaa sare, akanibana mkono. "Ile kola ni yangu," akasema. Mtoto akapita. Naye akageuka kuitazama kola mpaka ikapotea.

Macho yalipochoka akaacha kazi. Nyumbani akawa hatulii. Alifumua mapazia mazima akayashona upya. Binti akaona hatari hiyo, akasema, "Mama, njoo ukae ofisini kwangu. Utuchekeshe tu."

Ofisi yenyewe iko juu ya duka la vioo. Unapanda ngazi nyembamba, unaingia chumba chenye nyaya kila mahali, mapazia yamefungwa mchana kweupe, vijana wameziba masikio kwa spika ndogo. Wanatengeneza gemu la kompyuta. Binti yetu aliacha kazi ya benki kwa ajili ya gemu hilo. Ni hadithi ya nchi isiyokuwepo. Msichana mwenye taa anavuka milima na mapango, na kila anapofika kuna mwovu anamngoja. Yupo jini wa mapaa. Yupo mchawi wa kinamasi. Na mwisho kabisa yupo mfalme wao wote, ambaye wachezaji humwita bosi wa mwisho.

Siku ya kwanza mke wangu alikalia kiti cha magurudumu, akazunguka nacho kidogo, akauliza, "Huyu wa kwenye paa anaitwa nani?"

Akajibiwa na mtu wa michoro, jitu zima lenye ndevu, sote tunamwita Mchoraji. "Adui Namba Nane, bibi."

"Namba nane! Hata mbuzi wa mnadani ana jina."

"Basi mpe wewe."

"Nitampa."

Ndivyo alivyoanza. Nao wakambatiza Bibi Majina.

Hakutafuta majina vitabuni. Alishuka ngazi akauliza watu: ulipokuwa mdogo, sauti gani ilikutia hofu? Mlinzi wa getini alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema kwao kulikuwa na bati lililolegea, upepo ukija linajikuna juu ya kichwa chake, kwarra, kwarra. Mtu mwenye masharubu, rungu mkononi, akajikunyata mbele ya geti lake mwenyewe. Mke wangu akapanda zile ngazi mbio, na magoti yake yale. "Kwarra! Wa kwenye paa ni Kwarra!" Ofisi nzima ikapiga kelele. Mwenye duka la vioo naye alikumbuka bata bukini wa shangazi yake, aliyekuwa akimfukuza hadi mlangoni kwa kumfyonya. Huyo ndiye mchawi wa kinamasi. Anaitwa Sishaa.

Kila jina lililetwa kwanza nyumbani, likaitwa dirishani kama unavyomwita mtoto aje kula. Huo ndio ulikuwa mtihani. Likiitika vizuri, linatupwa. Alisema mwovu hawezi kuitiwa chakula, jina lake lenyewe litakataa. Na jina la mtu hakulitumia kabisa. Kuna mtoto mahali anaitwa hivyo, alisema, na kesho ana shule.

Hata mimi nilipeleka langu. Nimekuwa fundi bomba maisha yangu yote. Maji yakirudi baada ya kukatika, bomba hugonga ndani ya ukuta, gong'o, gong'o, mpaka nywele zisimame. Nikajua hapa nimemweza. Akaenda dirishani. "Gong'oo! Njoo ule!" Akarudi ameshika mbavu.

"Mzee wangu, huyu si adui. Huyu ni kitinda mimba. Nitamwekea paja la kuku."

Nikanuna mpaka jioni.

Kati ya waovu wakubwa akabaki bosi wa mwisho. Huyo Mchoraji alikuwa amemchora kwa miaka. Ana mabawa, ana pembe, macho kama mkaa. Alikwishampa jina: Zarvokth. Alilipenda kama mtu anavyompenda mwanawe wa kwanza. Mke wangu alijaribu kulitamka, meno ya bandia nusura yamtoke.

Siku moja nilikuwa ofisini kwao, nimelala chini ya sinki nakaza koki. Nikamsikia mke wangu anaingia. Hakusalimia mtu. Akasimama katikati ya chumba, akasema, "Ghuru."

Akanyamaza.

Vidole vyote vikasimama juu ya mashine. Binti akasema, "Mama?"

Kimya. Nikatoa kichwa kidogo.

"Faa," akasema mke wangu.

Nikagonga kichwa kwenye sinki. Mtu mmoja alimwaga chai. Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Limetoka wapi hilo, bibi?"

"Kwanza lipite. Nitasema likipita."

Mchoraji hakufurahi, ingawa vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama. "Ni zuri, bibi. Lakini mtu mwenye mabawa haya anataka jina zito. Na jina gani lina shimo katikati?"

"Hilo shimo ndilo jina."

Wakapiga kura, wakagawanyika sawasawa. Binti hakutaka kuamua. Huyu ni mama yake, yule ndiye mkono wake wa kulia. Akasema siku ya maonyesho itaamua. Asubuhi gemu litaonyeshwa kwa jina la Mchoraji, alasiri kwa jina la Mama. Jina ambalo watu watatoka nalo mlangoni, ndilo litakaloingia kwenye gemu na kubaki.

Mke wangu hakuwa mtu wa kutaka vitu. Lakini hilo alilitaka. Aliniambia akikunja nguo, bila kunitazama: "Wale wengine niliwapa majina kwa kujifurahisha. Hili nalitaka, mzee wangu. Nimeshona maisha yote, na lebo ya mtu mwingine."

Nikamshikia ncha nyingine ya shuka.

Basi tukala mkate wetu mweusi, tukavaa, tukaenda maonyeshoni. Ukumbi umejaa hadi ukutani. Watoto, wanafunzi, watu wazima na mifuko ya ofisi, wote shingo juu. Skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Asubuhi msichana wa taa akafika mwisho wa mapango, akatokea yule jamaa, mabawa yakafunguka, na ukumbi ukasema, "Duuh!" Kwa kweli Mchoraji ana mkono. Spika ikanguruma: Zarvokth!

Tukasimama mlangoni kusikiliza wanaotoka. "Umemwona yule wa mapembe?" "Yule mwenye mabawa ni hatari!" Wa mapembe, wa mabawa, lile dude. Jina hakuna aliyelitaja. Mchoraji akavuta ndevu zake. Mke wangu akanikanyaga mguu kwa furaha.

Ikaja zamu yake. Sauti ya jina ilikuwa yake mwenyewe, walimrekodi ofisini. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Mabawa yakafunguka. Ukumbi ukatulia.

"Ghurufaa," ikasema spika.

Haraka haraka, kama mtu anayepiga chafya. Nyuma yetu mtu akasema, "Mbona kama jina la sabuni?" Watu wakacheka.

Mke wangu akasimama wima. "Wamekata!" Akanigeukia, uso umebadilika. "Kimya changu wamekikata!"

Binti alikwishakimbia kwa fundi wa sauti wa ukumbi, nyuma ya pazia. Nasi tukamfuata. Tukamkuta fundi anatabasamu, mtu mwema kabisa. "Dada, sauti yenu ilikuwa na hitilafu. Katikati ilikatika kabisa, hakuna kitu. Nimewazibia. Msijali, sidai kitu."

Binti akashika kichwa. "Irudishe!"

"Nimeshafuta ile ya zamani. Na muda wenu umebaki mara moja tu, kisha wanaingia wengine."

Nilimtazama mke wangu. Nilidhani atakaa chini. Miaka yote ile karakanani hakuwahi kupaza sauti hata kuomba sindano.

"Nipe hiyo," akasema.

"Nini, mama?"

"Hiyo ya kusemea."

Fundi akampa kipaza sauti. Mchoraji naye alikuwa amefika, anahema. Nikafikiri, huyu sasa atasema muda umekwisha, jina lake limeshinda. Badala yake akaruka kwenye kompyuta. "Bibi, ukinyamaza, nitamfumbisha macho. Ukimalizia, nitayafumbua. Nitazame mimi."

"Nakutazama, baba."

Msichana wa taa akaingia pangoni tena. Mabawa. Watu wengine walikuwa wanaokota mifuko yao waondoke. Mke wangu akaweka kile chuma mdomoni, akavuta pumzi.

"Ghuru."

Ukumbi mzima ukatikisika kwa sauti ya fundi cherehani. Yule mwovu akafumba macho. Spika kimya. Mtu akasema, "Spika imekufa." Wapi! Mke wangu anamtazama Mchoraji, Mchoraji anamtazama yeye. Nikasikia feni ya darini. Hakuna aliyeokota mfuko. Hakuna aliyekohoa. Nikajikuta na mimi sipumui, na jina lenyewe ninalijua lote!

"Faa."

Macho yakafumbuka.

Ee bwana! Ukumbi ulipiga yowe moja. Mama mmoja alimrukia mtu asiyemjua. Halafu kicheko, halafu vifijo, miguu sakafuni, watu wanaulizana, "Umesikia? Umesikia?" Mlangoni ikawa mashindano. Mmoja anasema "Ghuru," wenzake wote wanaziba midomo wanangoja, macho yamewatoka, wa kwanza kushindwa kujizuia anapigwa mabega. Walishuka ngazi nalo. Walivuka barabara nalo. Mchoraji aliushika mkono wa mke wangu akautikisa kama pampu. "Limepita, bibi! Tena limepita na mimi ndani yake!"

Binti alilia. Alikuwa anacheka, lakini alilia.

Mwendesha maonyesho akampandisha mke wangu jukwaani, akamuuliza mbele ya watu: jina la kutisha namna hii limetoka wapi? Ahadi ni ahadi. Akasema bila kupepesa, "Ni mume wangu anavyokoroma. Yule pale, mwenye shati la kijani. Simama, mzee wangu, wakuone."

Nikasimama. Ningefanyaje? Watu walicheka hadi wakashikana. Vijana wakaja kupiga picha na mimi. Mmoja akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Bosi wa Mwisho."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu hakutaka kukaa garini. Njia nzima alikuwa kama msichana. Anasimama, anacheka, anaendelea. Mtaa wa pili kutoka kwetu tukapishana na watoto wawili, na mmoja akasema, "Ghuru..." Mke wangu akanibana mkono, kama siku ile ya kola. Safari hii watoto hawakupita hivi hivi. Alisimama akawangoja hadi wakamaliza, akawapigia makofi, nao wakamshangaa.

Nikaona ni zamu yangu. "Umeniaibisha," nikasema. "Miaka yote nakuzibia mabomba, leo umenifanya shetani mbele za watu. Kukoroma kwenyewe kunatisha hivyo?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta wa duka la dawa lililofungwa. Akafuta macho. Akanitengeneza kola ya shati. Kisha akasema, na haya ni maneno yake yote, sijaongeza:

"Kukoroma kwako nalala nako vizuri tu, mzee wangu. Ni pale katikati, unaponyamaza, ndipo ninapofumbua macho na kungoja umalizie. Huyo ndiye mwovu. Sijawahi kumwogopa mwingine."