Banatoka Marabo

Wakati ule wa amani ya mudomo tu, kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya foni, ile redio ya kusemezana na watu wa mbali, na kugeuza Kiswahili kuwa Kifaransa. Komanda wa askari wa kigeni alitaka kujua jambo moja: wapiganaji walioshika Marabo wanajipanga kutupiga, ao wanarudi nyuma? Miye pia nilitaka. Mama yetu alikuwa amebaki kule. Mukubwa wangu, ndugu aliyenitangulia kuzaliwa, aliyekimbilia kwangu Shari, karibu na Bunia, alikuwa ananivizia mulangoni kila asubui.

"Njia iko wazi?"

"Sijui."

"Bongo! Unanidanganya, sura yako inajua."

Komanda alikuwa amekataza habari ya foni isitoke nje. Kazini ananibana yeye, nyumbani ananibana mukubwa. Hata kwenye kula niliogopa kufungua mudomo.

Mutu wetu wa Marabo, muchuuzi wa chumvi aliyetupasha habari kwa foni, alikuwa anachunga kwa jicho wanawake wanaopikia wale wapiganaji. Sufuria zao zikifungwa, alisema, jeshi linahama. Asubui moja foni ikakwaruza, sauti yake ikaingia nusu nusu: "Sufuria zimefungwa! Banatoka Marabo! Bote! Bana..." Kisha kelele tupu.

Banatoka! Niliruka kwenye kiti. Sikumuuliza tena, nimuulize nini wakati amesema neno nililolilia miezi mingi? Nikaandika kwa Kifaransa: wanaondoka Marabo, wanarudi nyuma. Komanda akatuma ripoti. Miye nikakimbia nyumbani na kuvunja amri.

"Enda ulete mama," nilimwambia mukubwa.

Hakumaliza hata chai. Alivaa sandali zake nyekundu, akashika njia.

Muchana foni ikarudi safi. "Nilisema banatoka Marabo, banakuja kwenu, njia ya Bunia! Hamukusikia?"

Mungu wangu! Mutu anatoka fasi, mahali alipokuwa, akiihama, na mutu anatoka fasi akikufuata weye, neno ni lile lile. Kiswahili nimekinyonya na maziwa, na bado nilisikia kile nilichopenda. Nilitoka mbio mpaka barabarani, mukubwa hakuonekana. Hasira ile ningali nayo, na si juu ya foni, ni juu yangu mwenyewe.

Siku tano sikuachana na ile foni. Ya sita, muchuuzi akaita: "Mama mumoja anatoka Marabo."

"Mumoja?"

"Mumoja."

Mama alifika Shari jioni, kwa miguu, amevaa sandali nyekundu. Nilimukalisha, nikamupa maji.

"Alinivalisha viatu vyake tukimbie," alisema. "Risasi ikamukuta yeye." Alikunywa kidogo, akaniangalia. "Nani alimwambia mutoto wangu njia iko wazi?"

Miaka imepita. Tunakaa nyumba moja, kila siku ninamupikia, na bado sijamujibu.