Siku Niliyowaswalisha Watu na Mimi Sikuswali

Sifa zote ni za Mungu, anayeona kilicho moyoni kabla hatujainua mikono, na bado anatuvumilia.

Enzi zetu hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, mtoto wa Kiislamu alikuwa na mambo mawili baada ya shule: chuo cha Kurani na ziwa. La kwanza tulilazimishwa na wazazi, la pili tulijiongezea wenyewe. Tulikula bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mkono mmoja huku mwingine ukivua shati, kisha mbio hadi ufukweni, tukashindana kuogelea mpaka mitumbwi ilipofungwa. Macho yalikuwa mekundu, vidole vimekunjamana, na kila mama alijua tulikotoka kabla hatujadanganya.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, Mwalimu Amisi, aliyetufundisha chuoni, alinichagua kuswalisha Alasiri siku ambayo wazazi wangekuja kutusikiliza. Mama alitangaza mtaa mzima. Alimwalika hata Mama Riziki, jirani yetu Mkatoliki, aje asimame uani mwa msikiti ajionee.

Siku yenyewe, rafiki yangu Asumani akanichokoza. "Imamu gani anaogopa maji?" Basi nikaingia. Adhana ilinikuta katikati ya ziwa, nimemtangulia kidogo tu. Nilitoka, nikavaa kanzu juu ya mwili ulioloa, nikakimbia kusimama mbele. Kutawadha? Nilijiambia kwamba aliyetoka ziwani mzima mzima hana haja na kopo la maji.

Niliswalisha vizuri, nasema kweli. Sikukosea rakaa hata moja. Ila kila nikisujudu, maji yalichuruzika kichwani mpaka mkeka ukalowa kama dari linavuja.

Baada ya salamu wazee walinishika mkono. Mwalimu akagusa kanzu yangu, akauliza nilitawadha wapi.

"Ziwani, Mwalimu. Mwili muzima, hata mugongo."

"Ulipoingia ndani ya maji, ulinuia nini?"

Ningesema nilinuia udhu, nani angenipinga? Mama alikuwa nyuma ya pazia, na sifa zote alizonipigia mtaani zilikuwa zinangojea jibu langu. Lakini nilikuwa nimetoka kusimama mbele ya Mungu dakika ile ile, na nikaogopa.

"Kumupita Asumani," nikasema.

Walicheka mpaka wanawake wakasikika nyuma ya pazia. Mvuvi mmoja mzee hakucheka. Alitaka kujua kama sasa wote wanarudia, juu nyavu zake ziko zinamungojea. Mwalimu akamtuliza: kujilowesha bila nia ya udhu ni kuoga tu, lakini waliomfuata imamu bila kujua kasoro yake, swala yao imetimia.

"Bote muko salama," akasema. "Ule wa mbele peke yake njo hakuswali."

Nikaletewa kopo. Nikanuia, nikatawadha polepole mbele ya watu wote, nikaswali peke yangu, masikio yakiwaka moto. Nilipokuwa kwenye rakaa ya pili nilimsikia Mama Riziki, kule uani, akimwuliza Mama mbona mutoto anarudilia, alikosa? Mama akajibu papo hapo.

"Hapana, dada. Iko anaongeza. Ule anapenda Mungu kupita wengine."

Mama Riziki aliniheshimu mpaka kufa kwake. Mungu amsamehe mama yangu. Nia yake ilikuwa nzuri.

Leo watoto wa Baraka wana bomba karibu na mlango wa msikiti. Mjukuu wangu, mwenye pikipiki ya taksi, anatawadha simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, akibishana na abiria. Nikimkazia macho mimi babu yake, ananiambia, "Koko, nia iko." Labda iko, mimi si wa kumpima. Lakini yeye hana aliyewahi kumwuliza mbele ya watu alinuia nini, akalazimika kujibu kweli. Mimi niliulizwa mara moja tu, na tangu siku ile kila nikigusa maji hujiuliza mwenyewe. Aibu ile imeniswalisha miaka mingi.

Nawe uliyesoma, Mungu akupokelee kila rakaa, hata zile ulizoswali mawazo yakiwa sokoni, na akupe mtu wa kukuuliza kwa upole.