Amina kwa Karatasi ya Biro

Katika kanisa letu dogo, kwenye njia inayokwenda Wamaza, hakuna mtu anayebishana na tangazo. Mafundisho watu wanaweza kuyasinzilia, na wimbo wanaweza kuukosea, lakini matangazo husikilizwa kwa shingo ndefu, na la mwisho likisomwa wote huitikia Amina. Desturi hiyo sikuianzisha mimi. Nilimkuta nayo mwalimu wa dini aliyenitangulia, na siku aliponiachia kengele na daftari la ubatizo aliniachia na hiyo Amina. Tangazo la ndoa, la mgonjwa, la kufagia uwanja, la mbuzi aliyepotea: Amina. Nilikwisha kuona mbuzi akirudishwa na mwizi mwenyewe jioni ya Jumapili ileile, akisema alimkuta tu njiani.

Barazani ni mambo mengine. Pale mbele ya nyumba ya chifu wa kijiji Wakristo na Waislamu hukaa pamoja, na mtu akisema neno, watatu wanasimama kulipinga kabla hajameza mate. Marehemu baba yangu hakuona ubaya wowote katika kelele zile. Alisema neno lisilogongwa barazani ni kama muhogo usioloweshwa. Unaweza kuonekana mzuri na bado ukakuua.

Mimi ni mzee sasa. Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa na kwa macho ambayo bado yanasoma. Padri hutufikia kwa pikipiki mara chache kwa mwaka, njia ikikubali, na Jumapili nyingine zote ni mimi ninayesimama mbele. Nimesoma matangazo mengi. Liko moja ambalo, kama ingewezekana, ningelirudisha kinywani.

Mvua ilikuwa imeanza kutuchezea miaka kadhaa kabla ya hapo. Zamani tulijua. Kumbikumbi wakiruka mara ya pili, wanawake walitoa mbegu ya mpunga juu ya jiko, na kabla ya mwezi kuisha mashamba yalikuwa kijani. Sasa kumbikumbi wanaruka na jua linarudi kana kwamba halikuona kitu. Mwaka mwingine mvua inakuja yote kwa wiki moja, inabeba udongo na vijiti vya muhogo mpaka mtoni, halafu kimya. Tulikuwa tukisema ni mwaka mbaya. Baadaye tulichoka kusema hivyo, kwa kuwa mwaka mzuri haukuja kuutenganisha na mwingine.

Yule aliyejua kuishi na mvua ya namna hii kuliko sisi sote alikuwa dada yangu mkubwa. Ni mjane, na shamba lake liko ng'ambo ya kijito. Mimi namwita yaya, na ingawa nina mvi kama zake, yeye bado huniita mudogo wangu, hata mbele ya padri. Alikuwa akipanda mpunga wa mama yetu, mpunga wa ganda jekundu unaokawia shambani lakini unanukia sufuriani hata jirani akajua umepika nini. Watu wengine waliuacha, wakachukua ule mweupe wa haraka. Yaya hakuuacha. Kila mavuno alichagua masuke kwa mkono, akayafunga, akayatundika juu ya moshi. Na hakupanda mbegu yote kwa mara moja. Mama alimfundisha kupanda kwa mikono miwili: mkono wa kwanza mvua inapoanza, na mkono wa pili mwezi mmoja baadaye. Moja ikifa, nyingine inabaki. Tulimcheka kwa sababu alivuna mara mbili na kuchoka mara mbili.

Mwaka ule agronome wa sekta, bwana shamba wa serikali, alikuja barazani. Alikuwa kijana wa heshima, mwenye viatu vya mpira na karatasi katika mfuko wa plastiki. Alitueleza kwamba biro ya sekta, ofisi iliyomtuma, imeagizwa kuwasaidia wakulima kwa ajili ya mabadiliko ya hali ya hewa. Mvua zitaisha mapema, alisema, kwa hiyo mpunga wote upandwe mara moja, mbegu yote iwe chini kabla mwezi wa kumi haujaisha, na asiwepo wa kupanda nyuma.

"Hayo mabadiliko yanatoka kwa nani?" mzee mmoja mwindaji alimuuliza. "Kama iko mutu, mumulete hapa tumuulize."

"Papa, si mutu. Ni moshi wa viwanda, ni miti inayokatwa..." kijana alimjibu.

"Hapa kiwanda kiko wapi? Kiwanda cha hapa ni jiko la bibi yangu."

Watu walicheka. Mwanamke mmoja akauliza ni nani aliyeiambia biro siku ambayo mvua itaisha. Mwingine akasema kwao kilimani mvua hufika baada ya bondeni, je, tarehe ni ileile? Agronome alitazama karatasi. Karatasi haikuwa na kilima wala bonde. Yaya naye alisimama na kusema, "Mutoto wangu, kama nikipanda yote siku moja na jua likirudi, mbegu ya mwaka ujao nitaitoa wapi?" Kijana alijibu kwamba hilo atalipeleka juu. Baraza likaisha hivyo, jua likiwa kali, bila kukubaliana.

Jumamosi yake agronome alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu alimpa ndizi na maji, naye akakaa kwa adabu, akaniambia ana shida. Alipaswa kurudi biro na kusema kwamba wakaaji wamehamasishwa. Barazani aliona mwenyewe ilivyokuwa.

"Lakini wewe mwalimu, watu wanakusikia," alisema. "Soma tu na matangazo. Maneno machache. Shehe naye nitamupa karatasi yake."

Sikumkatalia. Najiuliza mpaka leo kwa nini. Sikupewa kitu. Nadhani nilifurahi kwamba serikali, ambayo hatukuiona wakati daraja lilipochukuliwa na maji, sasa ilikuwa imekaa kwenye kiti changu na kuniomba. Pia nilifikiri: huyu kijana amesoma, na sisi tumekosea miaka mingi. Unyenyekevu nao unaweza kuwa uvivu uliovaa vizuri.

Jumapili nililisoma tangazo lake. Lilikuja baada ya tangazo la ubatizo na kabla ya lile la kufagia uwanja. Nilisoma kama nisomavyo yote, kwa sauti ya kanisani, na mwisho watu wakaitikia Amina. Wale walewale waliobishana barazani siku nne kabla, niliwaona midomo yao. Yule mwindaji alikuwa safu ya tatu. Naye alisema Amina.

Yaya alinisubiri nje, karibu na kengele.

"Mudogo wangu, yale maneno ni ya Mungu ao ni ya biro?"

Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mgonjwa wa kutembelea, na watu walikuwa wakinivuta huku na huku. Ningeweza kumwambia: ni ya biro, yaya, pima mwenyewe. Nilimwambia, "Yaya, yamesomwa kanisani."

Alifunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Wiki iliyofuata nilikutana na shehe sokoni. Tumezoeana tangu shule, ingawa yeye huninyima ushindi katika kila mazungumzo. Nikamuuliza kama alisoma karatasi ile msikitini.

"Ndani ya musikiti? Mimi?" akasema. "Nilisomea kwenye baraza ya nyumba yangu, baada ya swala, na chai. Tuligombana mpaka chai ikapoa. Wengine watapanda yote, wengine nusu. Mke wangu nusu. Wewe ulisomea wapi?"

Nilimwambia. Hakucheka, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa namna ya kusema jambo.

Mvua ilianza vizuri. Nilimwona yaya akivuka kijito akiwa na kikapu kizima kichwani, na jioni akirudi nacho kitupu. Alikuwa amepanda mikono yote miwili kwa siku tatu, akisaidiwa na wajukuu. Mimi pia nilipanda wangu wote, ule mweupe. Mpunga uliota. Ulifika kimo cha kidole, na mashamba yakawa na rangi ile inayomfanya mtu asimame njiani bila sababu.

Halafu Jumapili tatu hazikuwa na mvua.

Jumapili ya kwanza tuliomba, na watu waliimba kwa nguvu. Ya pili tuliomba, nikaona wanawake wakitazama dirishani katikati ya sala. Ya tatu nilisoma sala ya mvua nikaikatisha kabla ya mwisho. Sikumlaumu Mungu. Ninajua katika maandiko jua huwaangazia wema na wabaya. Lakini nilijua vilevile nani alisoma karatasi, na kuna maombi ambayo ni vigumu kuyaomba ukiwa umesimama mahali pale pale.

Nilimfuata yaya shambani. Alikuwa amechuchumaa akifukua shimo moja moja kwa ncha ya panga, kutafuta mbegu ambayo labda haikuota. Aliyoyapata yalikuwa maganda. Mpunga uliolala chini ulikuwa kama nywele za mtu mgonjwa.

"Yaya, pole."

"Nimesikia pole."

"Umebakiza kiasi gani juu ya jiko?"

Alifukua mashimo mengine mawili. "Kwa nini ningebakiza?" akasema. "Si tulisema Amina?"

Mvua ilirudi mwezi wa kumi na moja, kwa hasira, ikasomba hata yale mashimo. Wale waliokuwa na nusu majumbani walipanda mkono wa pili. Upande wa shehe, mashamba kadhaa yalishika. Upande wetu tulipita kando ya mashamba hayo tukienda kuchuma majani ya muhogo, na tulisalimia vizuri.

Baada ya Noeli agronome alirudi barazani na daftari. Alisema biro inataka kusikia maoni ya wakaaji juu ya hasara. Safari hii hakuna aliyebishana. Watu walikaa wakitazama miguu yao. Aliomba mara ya pili, akaomba mara ya tatu.

"Muulize mwalimu," yule mwindaji akasema mwishowe. "Sisi tulishasema. Tulisema neno moja, na neno lile lina herufi chache."

Wengine walicheka, kicheko kifupi kisichopendeza. Agronome, akiwa amechanganyikiwa, akafungua daftari na kusoma aliyoyaandika mwezi wa kumi, labda ili kujitetea: kwamba wakaaji walielimishwa, na walikubali mpango wote kwa sauti moja.

"Tulikubalia wapi?" yaya aliuliza kutoka nyuma.

"Kanisani, mama."

Nilisimama. Nilisema kwamba karatasi ile haikukubaliwa na mtu, kwamba mimi ndiye niliyeichukua kutoka mahali pa kubishana na kuipeleka mahali pa kuitikia, na kwamba kijana yule aandike hivyo. Nilisema nawaomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, ya maandiko, lakini sikuyatoa. Yangekuwa tangazo lingine.

"Kaa chini, mudogo wangu," yaya akasema. "Jua hukuliwasha wewe."

Watu wakaguna. Sijui kama ulikuwa msamaha. Agronome aliandika kitu, kisha akaniambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba naye alipewa karatasi tu, na kwamba barua kuhusu lile swali la kilima na bonde aliipeleka juu na haikujibiwa. Nilimwamini. Alikuwa amekonda.

Mbegu za msaada zilifika baadaye, magunia machache, za mpunga mweupe, msimu ukiwa umepita. Nilizunguka na baiskeli ya kanisa nikiuliza ule mwekundu. Nilifika vijiji ambavyo sikuwa nimeviona tangu ujana. Nilimtuma mtu hadi Kasongo sokoni. Wazee waliukumbuka, wakasifu harufu yake, wakanionyesha mahali ulipokuwa ukipandwa. Hakuna aliyekuwa nao. Mmoja aliniambia, "Si dada yako ndiye aliye nao?"

Mke wa shehe alimletea yaya beseni la mbegu zake nyeupe, amelifunika kwa kitambaa safi. Yaya alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Ilikuwa miezi ya njaa. Kabla ya wiki kwisha aliutwanga mpunga huo na kuwapikia wajukuu, na hakuficha. "Watoto wanaishi leo," aliniambia.

Juzi nilikwenda kumsaidia. Ameligeuza shamba lote la ng'ambo kuwa la muhogo. Tulipanda vijiti tangu asubuhi, yeye akichimba na kusimika, mimi nikimpa vijiti na kukanyaga udongo, bila kusema mengi. Muhogo, namshukuru Mungu kwa ajili yake, hauchagui mwezi. Kumbikumbi walikuwa wameruka jana yake, mara ya kwanza. Nilisikia mdomo wangu ukiuliza kabla sijauzuia.

"Mwaka ujao utapanda mpunga tena, yaya?"

Aliegemea jembe.

"Wa nani?" akauliza.

Kwa subira aliyonayo tangu nilipokuwa mtoto mgongoni kwake, akachimba shimo lililofuata, akanyoosha mkono nimpe kijiti.